Pete Imegeuka Rangi. Je, na Ndoa Nayo?



Hebu tuanze na nyumba moja. Ni mfano tu, lakini huenda unaijua nyumba inayofanana nayo. Mume na mke walifunga ndoa kanisani, wakavishana pete zinazong'aa mbele ya padre, wazazi na marafiki. Kabla ya mwaka kwisha, mke akaanza kuwashwa kidole. Ngozi iliyo chini ya pete ikawa nyekundu, ikatoa vipele, kisha ikapasuka. Akaivua pete na kuificha kabatini, ndani ya kikombe. Hakumweleza mumewe kwa sababu hakutaka kumvunja moyo.

Mume alipoona kidole kitupu aliuliza, "Mama, pete iko wapi?" Mke akajibu, "Nimeivua nikifua." Juma la pili kidole kilikuwa bado kitupu. Mume akaanza kuhesabu saa ambazo mkewe hurudi kutoka kazini. Mke naye, siku moja alipoitoa pete kikombeni, aliona kwamba upande wa ndani umekuwa wa kijivu kama sarafu kuukuu. Akajiuliza moyoni, "Huyu aliniambia ni dhahabu. Ikiwa alinidanganya kuhusu pete, ni mangapi mengine amenidanganya?"

Tazama basi, watu wawili waaminifu sasa wanashukiana, na chanzo ni kipande cha metali ambacho hakifiki hata uzito wa gramu tano. Leo tutajifunza metali hizo ni nini na kwa nini hubadilika. Kisha tutarudi katika nyumba ile tuone wenye ndoa wangefanya nini.

DHAHABU NA KARATI ZAKE

Dhahabu halisi haishiki kutu wala haiozi. Hiyo ndiyo sababu watu wa kale waliithamini, na ndiyo sababu ilifaa kuwa ishara ya ahadi isiyochakaa. Lakini dhahabu tupu ni laini mno. Ukiivaa huku unalima, unafua na kusugua sufuria, itakwaruzika na kupinda. Kwa hiyo sonara huiyeyusha pamoja na metali nyingine, hasa shaba nyekundu na fedha, ili ipate ugumu.

Karati ni kipimo cha kutuonyesha ni kiasi gani cha dhahabu kimo katika mchanganyiko huo. Hesabu yake hugawanywa katika sehemu 24. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za metali nyingine, yaani asilimia 75 ni dhahabu. Karati 14 ina asilimia 58 na nusu. Karati 9 ina asilimia 37 na nusu tu. Zaidi ya nusu yake si dhahabu. Hata hivyo, pete ya karati 9 ni dhahabu kutoka nje hadi ndani, nayo ni ngumu na ya bei nafuu kuliko ile ya karati 18. Mtu asikudharau kwa kuivaa.

Dhahabu nyeupe nayo huwatatiza wengi. Ni dhahabu ile ile ya manjano iliyochanganywa na metali nyeupe, kama nikeli au paladiamu, na mara nyingi hupakwa juu yake metali ing'aayo sana iitwayo rodiamu. Baada ya miaka kadhaa rodiamu hulika, na rangi ya manjano kidogo huanza kuonekana. Mwenye pete hudhani ameuziwa bandia, kumbe sivyo. Sonara anaweza kuipaka tena.

KUCHOVYA NI NINI?

Pete ya kuchovya ni jambo lingine kabisa. Ndani yake si dhahabu, bali ni metali ya bei rahisi, mara nyingi shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Pete husafishwa, kisha hutumbukizwa katika maji yenye chumvi za dhahabu, na umeme hupitishwa humo. Umeme huivuta dhahabu iliyomo katika maji na kuigandisha juu ya pete. Mtaalamu wa Italia, Luigi Brugnatelli, ndiye aliyefaulu kwanza kuchovya dhahabu kwa umeme mnamo mwaka 1805, na kuanzia mwaka 1840 watu wa ukoo wa Elkington wa Birmingham, Uingereza, waliifanya kazi hiyo kuwa biashara kubwa.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukua pete ya ndoa ya kawaida, upana wake milimita 4. Ikiwa ni ya karati 9 na uzito wake ni gramu 4, ndani yake mna gramu moja na nusu ya dhahabu. Pete nyingine kama hiyo, ikiwa imechovywa kwa unene wa nusu maikroni, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, ina dhahabu ya miligramu 6 au 7 tu. Ile ya kwanza ina dhahabu zaidi ya mara mia mbili ya hii ya pili, na machoni zote mbili zinang'aa sawasawa! Utando huo ni mwembamba sana. Ungehitaji kupanga kama mia moja au zaidi ili ufikie unene wa unywele mmoja wa kichwani.

Kabla ya kuchovya dhahabu, mafundi wengi hutanguliza utando wa nikeli. Nikeli huizuia shaba isipenye polepole na kuichafua dhahabu iliyo juu, tena huifanya pete ing'ae. Kumbuka jambo hili, kwa maana ndilo litakaloeleza kidole cha yule mama. Upande wa ndani wa pete husuguana na ngozi, jasho na sabuni kila siku. Dhahabu ikiisha hapo, kinachogusa ngozi ni nikeli.

Kuna pia aina iliyo kati ya hizo mbili. Hapo bamba la dhahabu halisi hubandikwa juu ya shaba kwa joto na mgandamizo mkubwa. Dhahabu yake ni nene kuliko ya kuchovya, mara nyingi sehemu moja ya ishirini ya uzito wote, nayo ikitunzwa hudumu miaka mingi.

ALAMA ZILIZO NDANI YA PETE

Chukua pete yako uitazame upande wa ndani penye mwanga mzuri. Huenda utaona namba ndogo. Maana yake ni hizi:

916 ni dhahabu ya karati 22.
750 ni dhahabu ya karati 18.
585 ni dhahabu ya karati 14.
375 ni dhahabu ya karati 9.
925 ni fedha, yenye sehemu 925 za fedha tupu katika kila elfu moja. Nyingine kwa kawaida ni shaba.
GP, GEP au HGE ni pete iliyochovywa dhahabu.
GF au RGP ni pete iliyobandikwa bamba la dhahabu.

Angalia sana alama kama "18K GP". Wachuuzi wengine huonyesha ile 18K na kufunika herufi mbili zinazofuata kwa kidole gumba. Maana ya alama hiyo ni kwamba utando wa nje tu ndio wa karati 18. Tena jua kwamba muhuri waweza kughushiwa, kwa hiyo namba peke yake si ushahidi wa kutosha.

KIDOLE CHA KIJANI NA KIDOLE KINACHOWASHA

Haya ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

Kidole kikigeuka kijani, shaba ndiyo inayofanya hivyo. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Vitu hivyo huila shaba na kutoa rangi ya kijani, kama ile uionayo kwenye bomba kuukuu la shaba. Rangi hiyo huoshwa kwa maji na sabuni. Si ugonjwa, si laana, wala si dalili kwamba damu ya mvaaji ni chafu au kwamba ametenda dhambi ya siri. Kumekuwa na watu walioambiwa maneno hayo, wakalia bure.

Kidole kikiwasha, kikatoa vipele na kupasuka, huenda ni mzio wa nikeli. Mwili wa mtu mwenye mzio huu huiona nikeli kama adui. Mara nyingi upele hautokei papo hapo, bali baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mtu hashuku pete. Mzio huu huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa kwa sababu ya kutoboa masikio na kuvaa vipuli vya bei rahisi. Ukishaanza, kwa kawaida hudumu maisha yote. Yule mtu atawashwa pia na saa, kifungo cha suruali kinachogusa tumbo, au kifungio cha mkanda. Nchi za Ulaya ziliona tatizo hili ni kubwa hata zikapitisha sheria mwaka 1994 ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu.

Lakini usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Wakati mwingine pete haina kosa, bali sabuni na maji yaliyonaswa chini yake ndiyo yanayoila ngozi. Mwone daktari wa ngozi. Anaweza kukubandika mgongoni vipande vidogo vyenye metali mbalimbali kwa siku mbili, kisha kuona ni kipi kilichokuletea uwekundu.

Neno kwa wazazi: binti anapotobolewa masikio, kipuli chake cha kwanza kisiwe cha kuchovya. Afadhali dhahabu halisi au titaniamu, hata kama ni kipuli kidogo kama punje ya mtama. Na usimwachie mtoto mchanga kunyonya mkufu au bangili ya bei rahisi. Baadhi ya mapambo hayo yamegunduliwa kuwa na risasi au kadmiamu, nazo ni sumu.

METALI NYINGINE ZINAZOFAA

Si lazima pete ya ndoa iwe ya dhahabu. Fedha ya 925 ni nzuri na ya bei ya wastani. Hufanya weusi inapokutana na salfa iliyo katika moshi wa makaa, vitunguu na mayai, lakini weusi huo husuguliwa kwa kitambaa laini ukaondoka.

Chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria nzuri, hudumu sana na hakihitaji kuchovywa. Aina nyingi zake zina nikeli ndani, lakini imeshikwa imara hata wengi wenye mzio huivaa bila shida. Titaniamu ni nyepesi na huwafaa hata wenye ngozi nyepesi kudhurika. Tangsteni ni nzito na ngumu kukwaruzika. Lakini fikiri kabla ya kununua, maana pete ya tangsteni haiwezi kupanuliwa, na ile ya titaniamu ni vigumu kuipanua. Mama mjamzito huvimba vidole, na miaka nayo hutunenepesha. Pete ya dhahabu au fedha sonara huikata na kuiunga tena. Ya tangsteni ikikwama, hospitalini hubanwa kwa koleo mpaka ivunjike.

JINSI YA KUNUNUA BILA KUDANGANYWA

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Anayekufuata kituo cha basi akitoa pete mfukoni, akikunong'onezea kwamba ni dhahabu na ana haraka, huyo anajitembeza.

Kwanza, ipime kwa mkono. Dhahabu ni nzito; kwa ukubwa ule ule, dhahabu tupu ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya shaba. Pili, isogeze karibu na sumaku. Ikivutwa, kuna chuma ndani. Lakini isipovutwa usishangilie, kwa sababu shaba pia haivutwi. Tatu, tazama kingo na upande wa ndani, ambapo utando hulika kwanza. Kuiuma kwa meno hakuthibitishi kitu, kwani hata risasi ni laini.

Kipimo cha kuaminika ni cha sonara. Huisugua pete juu ya jiwe jeusi mpaka iache mstari, kisha hudondoshea mstari huo tone la asidi. Mstari wa shaba huyeyuka, wa dhahabu hubaki. Ikiwa anashuku kuchovya, hukwaruza kidogo kwa tupa ili afikie ndani. Usijaribu asidi hiyo nyumbani. Huunguza ngozi na macho. Mwisho, nunua penye duka la kudumu, nawe upewe risiti iliyoandikwa karati na uzito. Muuzaji asiyetaka kuandika anachokisema kwa kinywa amekwisha kukujibu.

KUITUNZA

Osha pete kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Ivue unapotumia dawa ya klorini ya kung'arisha nguo au kusafisha choo. Klorini hudhoofisha hata dhahabu ya karati. Pete ya kuchovya usiisugue kwa jivu, mchanga, dawa ya meno wala sufi ya chuma, maana utaondoa dhahabu yote kwa dakika chache. Ikiisha, sonara anaweza kuichovya upya. Mwenye mzio amwombe asitumie nikeli.

Mume fundi wa magari au wa stima aivue pete kazini. Pete ikigusa ncha mbili za betri ya gari hupata moto ghafla na kuunguza kidole. Ikinaswa na mashine yaweza kung'oa kidole chenyewe. Mke asiyeelezwa hayo atadhani mumewe anajifanya kapera. Basi elezaneni.

PETE NA SAKRAMENTI

Wengine wataniuliza, "Kama pete ilikuwa bandia, je, ndoa yetu ni halali?" Ndiyo, ni halali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ukubaliano wa mume na mke, unaotolewa kwa hiari na watu wasiozuiwa na sheria. Kwa kawaida ukubaliano huo hutolewa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Pete hubarikiwa na kuvishwa baadaye, kama ishara ya upendo na uaminifu. Kanisa halikutaja karati. Hata walioolewa bila pete wameoana kabisa.

Kanuni ya 1098 inazungumzia udanganyifu unaobatilisha ndoa, lakini huo ni udanganyifu mzito unaohusu sifa ya mtu mwenyewe, uliofanywa ili kupata ukubaliano wa mwenzake. Metali ya pete si sifa ya mtu. Pete ikiharibika au ikipotea, mnaweza kununua nyingine na kumwomba padre aibariki. Ndoa hairudiwi.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba pete si kitu. Ishara ina heshima yake, na uongo ni uongo. Kijana aliye na uwezo wa kununua pete ya chuma, na aseme, "Mpenzi, hii ni ya chuma, ndiyo niliyoweza." Msichana anayempenda ataivaa kwa fahari. Akisema ni dhahabu, amemvika mchumba wake uongo, na jasho la miezi michache litamuumbua. Nawe binti, usimlazimishe kijana kukopa, wala usiisumbue kamati ya arusi, ili uonyeshe dhahabu kwa marafiki. Deni la pete limeharibu miezi mingi ya kwanza ya ndoa.

TURUDI KATIKA ILE NYUMBA

Yule mke alikosea wapi? Si kwa kuvua pete; mwili wake ulikuwa ukiumia. Alikosea kwa kuficha kidonda na kutoa udhuru usio wa kweli. Mume alikosea wapi? Huenda alijua kwamba pete ni ya kuchovya, huenda naye alidanganywa na mchuuzi. Lakini alipoona kidole kitupu alihesabu saa badala ya kukishika kidole kile na kukitazama. Angekishika, angeona vipele.

Njia ya kutengeneza ni fupi. Jioni, watoto wakilala, mke atoe pete na kuonyesha kidole chake. Aseme, "Inaniumiza, nami niliogopa kukuambia." Mume aseme ukweli kuhusu pete, bila kujitetea. Kama alijua, aombe msamaha. Kama hakujua, aseme hivyo, na mkewe amsadiki. Kisha wapange pamoja: kumwona daktari, halafu kwa sonara, wanunue pete ya fedha au ya chuma kwa kadiri ya mfuko wao. Hadi hapo mke anaweza kuivaa ile ya zamani shingoni kwa uzi.

Mtume Petro aliwaambia Wakristo wa kwanza kwamba imani hujaribiwa kama dhahabu inavyojaribiwa motoni. Ndoa nayo huwekwa juu ya jiwe la sonara mara nyingi: ugonjwa, umaskini, wakwe, watoto. Mkijaribiwa kwa kidole kinachowasha, msiushindwe mtihani mdogo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Kwa mume na mke, au katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, pete zetu ni za metali gani? Tulielezana ukweli tulipozinunua?
2. Kuna jambo dogo ambalo mmoja wetu amelificha ili asimwudhi mwenzake? Limezaa nini?
3. Nikiona badiliko kwa mwenzangu, huwa nauliza kwanza au nashuku kwanza?
4. Tunaweza kuwasaidiaje vijana wa parokia yetu wafunge ndoa bila kuzuiwa na gharama za pete na arusi?